Siku fonie iliponyamaza mchana

Hotuba hii, juu ya dhoruba za Jua na fonie, zile redio zetu za kuongea mbali, niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Bukavu, mbele ya walimu wa fizikia na jiografia, wapima-ardhi, watu wa fonie wa zamani na wanafunzi wa sekondari. Mvua iliwazuia wengi, na tangu siku ile wananiomba maneno yenyewe. Nayaweka yote hapa kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Jambo yenu, baba zangu na mama zangu. Jambo yenu, walimu wenzangu. Nanyi vijana mliokaa kule karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Ninayoyasema leo yanawahusu ninyi kuliko sisi wenye mvi. Aksanti kwa baba padri aliyetupatia ukumbi huu, na aksanti kwenu mliotoka Kadutu na Bagira mkakanyaga matope yote haya.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kukaa mbele ya fonie? Inueni mikono. Naam, naiona mikono ya wazee. Basi kwa ajili ya vijana nieleze kidogo. Kabla minara ya simu haijasimama kwenye vilima vyetu, fonie ndiyo iliyounganisha parokia na parokia, hospitali na vituo vyake vya afya, mfanyabiashara wa mjini na mtu wake wa msituni. Meza ya mbao, chombo chenye kitufe cha kuzungushia, bateri ya gari chini ya meza, na waya uliofungwa kati ya miti miwili. Unabonyeza, unaita: "Shabunda, Shabunda, unanisikia?" Na Shabunda inajibu: "Nakusikia tano juu ya tano."

Swali la pili sasa. Kati ya Bukavu na Shabunda kuna Kahuzi, mlima wa mita 3,308. Nyuma ya Kahuzi kuna msitu. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 170. Ukichukua motorola, ile redio ndogo ya mkononi, hata iwe nzuri kabisa, haivuki mlima. Basi ile sauti ya Shabunda ilipita wapi? Ilitoboa mlima? Ilizunguka mlima?

Ilipita juu, wapendwa. Ule waya wetu uliofungwa chini chini kati ya miti miwili ulikuwa unarusha sauti moja kwa moja kwenda mbinguni, na huko juu kulikuwa na paa lililoirudisha. Sauti ilipanda kilomita 250, 300, ikagonga, ikashuka upande wa pili wa Kahuzi kama mvua inavyoshuka pande zote mbili za mlima. Mlima haukuwa kizuizi hata siku moja. Kilichokuwa na neno la mwisho ni lile paa.

Paa lile lina jina: ionosfera. Na leo nataka tuzungumzie siku ambazo paa hilo linatikisika.

Limejengwa na nini? Limejengwa na hewa hiihii, lakini hewa nyembamba sana, kuanzia kilomita 60 hivi juu ya vichwa vyetu hadi mamia ya kilomita. Mionzi mikali ya Jua, ile tusiyoiona kwa macho, huzigonga atomu za hewa hiyo na kuzipokonya elektroni zao. Elektroni zikishapokonywa zinazurura, na elektroni zinazozurura ndizo zinazoligeuza wimbi la redio na kulirudisha chini. Wataalamu huigawa kwa herufi: D chini kabisa, E katikati, F juu. F ndiyo iliyokuwa rafiki wa fonie yetu. D ni kinyume chake: mchana inakula sauti inapopita, na usiku inatoweka. Wazee mnakumbuka, sivyo? Usiku mlisikia vituo vya nchi za mbali ambavyo mchana havisikiki kabisa. Mlikuwa mnapima kutoweka kwa tabaka la D, bila kujua jina lake.

Sasa niwape kisa changu, maana ndicho kilichonifikisha mbele yenu leo.

Mwaka 2003 nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwenye fonie ya nyumba moja iliyopeleka dawa msituni. Jumanne tarehe 28 Oktoba tulikuwa tunangoja neno kutoka kule ndani: uwanja wa ndege umekauka au bado? Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ndege ndogo ilikuwa tayari, katoni za dawa zimeshafungwa, rubani anatazama saa. Saa saba kamili niliita, nikajibiwa: ngoja, tumemtuma mtu akatazame uwanja. Dakika kumi baadaye nikaita tena. Kimya. Sikusikia hata ile kelele ya kawaida, ile ya kukwaruza inayokuambia kwamba chombo ni kizima. Nikabadilisha masafa. Kimya. Nikaita Kindu. Nikaita Kalemie. Kimya, kimya, kimya. Mkubwa wangu akaingia akasema: umevunja antena. Nikapanda mti wa avoka kwa mikono yangu kutazama waya. Waya ulikuwa mzima. Nikabadilisha bateri. Nikafungua kiunganishi, nikakisugua, nikakirudisha. Ilipofika jioni sauti zikarudi zenyewe, na ndege ilikuwa imeshaahirishwa. Dawa zilikwenda kesho yake. Mimi nikakatwa mshahara wa siku tatu kwa kuharibu chombo.

Miaka sita baadaye, nikiwa mwanafunzi, nilikuta kwenye kitabu mstari mmoja. Tarehe 28 Oktoba 2003, saa 11:10 kwa saa ya dunia, Jua lilitoa mlipuko wa daraja la X17 (X ndilo daraja la juu kabisa), mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kupimwa. Saa 11:10 ya dunia ni saa ngapi Bukavu? Ongeza mbili. Saa saba na dakika kumi mchana! Na katika Oktoba, saa ile, Jua liko juu ya nani? Liko juu ya Afrika ya Kati. Liko juu yetu. Niliinuka pale maktaba nikatoka nje, nikasimama uani nikilitazama anga. Mlipuko ule ulikuwa umemimina mionzi ya eksirei juu ya tabaka la D mpaka tabaka hilo likawa nene kama blanketi, na kila sauti iliyopanda ikamezwa humo. Nilikuwa nimekatwa mshahara kwa kosa la Jua.

Sikuwahi kudai zile siku tatu. Lakini toka siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni fonie ngapi zilinyamaza saa ile, Kindu, Kalemie, Kisangani, Mbandaka? Ni vijana wangapi walipanda miti kutafuta waya uliokatika? Na kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeandika chochote?

Jambo hili si la zamani. Tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinavunja visiwa vya Karibea, Jua lilitoa mlipuko wa X9.3. Waokoaji wa visiwa vile walikuwa wanategemea redio za aina ileile ya fonie, maana minara ilikuwa imeanguka. Na saa ile ile wakapotezana. Simu ni nzuri, wapendwa, lakini siku mnara ukianguka, watu wote wanarudi kwenye waya na paa la mbinguni.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi wanapochanganya. Jua hutupiga mara mbili. Mara mbili!

Pigo la kwanza ni mwanga. Linafika kwa dakika nane na kidogo, linagonga upande wa mchana tu, linapita baada ya saa moja, saa mbili, saa chache. Ndilo lililoninyamazisha mimi. Pigo la pili ni wingu. Jua hutema wingu la chembe zenye umeme, mabilioni ya tani, na ndani ya wingu hilo limefungwa sumaku yake. Wingu hilo halikimbii kama mwanga. Kwa kawaida linatumia siku moja hadi nne kufika kwetu. Lile la 2003 lilikuwa na haraka: lilitumia saa 19 tu, likafika Jumatano asubuhi, sisi huku tukiwa tunapakia zile dawa.

Likifika linakuta nini? Linakuta Dunia yetu, nayo ni sumaku. Kama sumaku ya wingu imeelekea kaskazini, mara nyingi linapita pembeni bila fujo kubwa. Kama imeelekea kusini, zinashikana, mlango unafunguka, nguvu zinaingia. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Mkondo mkubwa wa umeme unaizunguka Dunia mbali juu ya ikweta kama mshipi, na sindano za dira, zile tunazoita busola, zinayumba dunia nzima.

Na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kwani sindano ya busola na paa la fonie vinahusiana vipi? Sindano iko mezani, paa liko kilomita mamia juu. Nani aliyeviunganisha?

Mwaka 1722 fundi wa saa mmoja wa London, George Graham, alitazama sindano yake kwa kioo cha kukuzia akaona haitulii. Kila siku ilikwenda kidogo huku, ikarudi kidogo kule. Mwaka 1741, kule Uppsala katika Uswidi, Anders Celsius, huyohuyo wa kipimajoto, pamoja na Olof Hiorter, waliona sindano ikiruka usiku ambao mianga ya kaskazini inawaka angani. Wakamwandikia Graham: je, na yako? Na yake ya London ilikuwa imeruka siku ileile. Kitu kimoja kilikuwa kinazitikisa sindano mbili zenye bahari katikati yake! Kisha mwaka 1882 Balfour Stewart, Mskoti, akasema neno ambalo kwangu mimi ni la ajabu kuliko yote: kinachoisogeza sindano kila siku ni mikondo ya umeme inayopita katika hewa ya juu kabisa. Mwaka 1882, wapendwa. Hakuna redio. Hakuna roketi. Marconi alivusha alama yake ya redio juu ya bahari ya Atlantiki mnamo Desemba 1901, Kennelly na Heaviside wakataja paa mwaka 1902, na Edward Appleton akalithibitisha kwa vipimo mwaka 1924, akapewa Nobeli mwaka 1947. Lakini kipande cha chuma kwenye uzi kilikuwa kimeshatuambia karibu miaka 20 kabla ya alama ile ya Marconi kwamba kule juu kuna kitu kinachopitisha umeme. Alihitajika mtu wa kukitazama kila siku na kuandika. Basi.

Mtaniambia: mwalimu, hizo ni habari za Wazungu na mianga yao ya kaskazini, sisi tuna ndizi na ziwa, dhoruba ya sumaku inatuhusu nini? Nilifundishwa hivyo mimi mwenyewe. Kitabu cha shule kilikuwa na picha ya mianga ya kijani juu ya theluji, na chini yake imeandikwa kwamba mambo haya ni ya nchi za ncha za Dunia. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Ngoja niwashe taa mbili.

Ya kwanza. Dhoruba kubwa kuliko zote tunazozijua ilikuwa ya Septemba 1859. Mwingereza Richard Carrington aliuona mlipuko kwenye Jua tarehe 1, na baada ya saa 17 na nusu hivi dunia ikatikisika. Huko Marekani, kati ya Boston na Portland, watu wa telegrafu walikata bateri zao wakaendelea kuongea kwa umeme wa anga peke yake. Lakini kipimo maarufu cha sumaku cha siku ile kimetoka wapi? Hakikutoka kwenye theluji. Kimetoka Colaba, Bombay, nchi ya joto, nchi ya mikoko na maembe. Nguvu ya sumaku pale ilishuka nanotesla (ndicho kipimo cha nguvu ya sumaku) 1,600 hivi, wakati dhoruba ya kawaida hushusha 100. Kama watu wa Colaba wangesema jambo hili si la kwetu, leo tungekuwa hatuna namba hiyo.

Taa ya pili ni sisi wenyewe. Dunia ina ikweta mbili. Moja mnaijua, inapita Butembo na Kisangani. Nyingine ni ikweta ya sumaku, mahali ambapo sindano iliyoachwa huru hulala sawasawa bila kuinama. Katika Afrika hiyo inapita kaskazini zaidi: Nijeria, Chadi, Sudan Kusini, karibu kabisa na Addis Ababa. Mchana, juu ya mstari huo, nguvu za umeme na sumaku huzinyanyua elektroni juu kabisa, kisha elektroni hizo huteleza chini pande zote mbili, kusini na kaskazini, kama maji ya chemchemi yanavyoruka na kumwagika kando. Zinamwagikia wapi? Kati ya digrii 10 na 20 hivi kila upande wa ikweta ya sumaku. Sasa chukueni ramani, teremkeni digrii 12 kutoka mstari huo pale Sudan Kusini. Mmefika wapi? Mmefika Bukavu. Mmefika Goma.

Hatukai pembeni ya mambo haya. Tunakaa chini ya bomba! Paa lililo juu ya Kivu ni mojawapo ya mapaa mazito ya dunia, na ni mojawapo ya yale yanayochafuka zaidi. Na dhoruba kubwa inapokuja, kwa dakika chache umeme wake unafika kutoka ncha za Dunia hadi ikweta, chemchemi inaruka juu zaidi, inamwagikia mbali zaidi, hata juu ya ndugu zetu wa Lubumbashi. Saa nyingi baadaye, hewa iliyopata joto kule kwenye ncha inatuma upepo, na upepo huo unaweza kugeuza kila kitu: kilichokuwa kinapanda kinashuka. Ndiyo maana dhoruba moja inakuharibia mawasiliano jioni, na nyingine inakupa jioni safi kuliko kawaida. Msimwamini mtu anayesema dhoruba ikija kila kitu kinakufa. Uliza imefika saa ngapi, na hapa kwetu ilikuwa mchana au magharibi.

Magharibi ndiyo saa mbaya. Mama zangu mnaopika mtanisaidia hapa. Chukua mafuta ya mawese, uyaweke chini ya maji. Yatakaa? Hayakai. Yatapanda vidonge vidonge mpaka juu. Baada ya Jua kuzama, sehemu ya chini ya paa letu inayeyuka haraka, na sehemu nzito inabaki juu. Nyepesi chini, nzito juu. Basi nyepesi inapanda kama mawese, mapovu mapana ya makumi ya kilomita, yakitoboa paa kutoka chini hadi juu. Alama ya setilaiti ikipita katikati ya mapovu hayo inatetemeka, kama ukuta unavyotetemeka ukiutazama kupitia hewa iliyo juu ya mbabula, jiko la makaa. Ni hasa kuanzia saa moja ya usiku mpaka karibu saa sita, na hasa Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, miaka ambayo Jua limechachamaa. Jua huchachamaa kila baada ya miaka 11 hivi, na mwaka 2024 lilikuwa kileleni.

Kwa hiyo ninyi wapima-ardhi, nisikilizeni. Setilaiti za GPS, zile zinazotuambia tuko wapi, ziko kilomita 20,200 juu. Kipokezi chako kinapima muda alama iliotumia njiani, na paa hili linaichelewesha. Mchana wa mwaka wa Jua kali, hapa kwetu, ucheleweshaji huo unaweza kuleta kosa la mita 15 na zaidi. Kipokezi kidogo cha mkononi kinajaribu kusahihisha kwa hesabu inayorushwa na setilaiti zenyewe, lakini hesabu hiyo huondoa karibu nusu tu. Kule Kabare nilishuhudia wazee wawili wakikamatana mashati juu ya mpaka wa shamba. Mmoja alipimiwa alfajiri, mwingine alipimiwa saa tisa mchana na mtu mwingine, na mistari miwili ikapishana mita 11. Migomba mizima ilikuwa katikati! Kila mmoja alishika karatasi yake na kumwita mwenzake mwizi. Sehemu ya kosa ilikuwa miti, sehemu ilikuwa bonde, na sehemu ilikuwa anga. Hapakuwa na mwizi. Nawaomba, kwa kuwa ardhi katika Kivu ni damu: msipime mpaka wa watu mara moja tu kwa kipokezi cha mkononi. Rudieni siku nyingine, saa nyingine. Mkiweza, azimeni kipokezi cha masafa mawili. Hicho kinalinganisha ucheleweshaji wa masafa yote mawili na kuliondoa karibu kosa lote la paa.

Vipokezi vya namna hiyo ndivyo vinavyotumiwa Goma kuichunguza Nyiragongo. Mlima ukijaa kabla ya kutapika, ardhi inavimba milimita, sentimita, na mtu wa volkano lazima auone uvimbe huo kupitia paa linalochezacheza kwa mita. Mei 2021, lava iliposhuka na baadaye nyufa zikafunguka ndani ya mji wa Goma, vipokezi vilionyesha ardhi ikisukumwa mbali na ule moto uliokuwa unapita chini ya mji kuelekea ziwani. Fikirieni: kuijua ardhi ya Goma, kwanza lazima ulijue anga la Goma. Na kuna upande wa pili. Tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga katika bahari ya Pasifiki ililipuka kwa nguvu, na mawimbi ya hewa yake yakalitikisa paa hili kuzunguka dunia nzima. Paa letu linapigwa na Jua kutoka juu, na linaweza kupigwa na mlima kutoka chini.

Kuhusu umeme wa majumbani nitasema kidogo tu, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa na hofu. Machi 13, 1989, dhoruba iliuangusha umeme wa Quebec, Kanada, ndani ya dakika moja na nusu, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9. Mwaka 2003 Malmö katika Uswidi ilizimika, na Afrika Kusini transfoma kadhaa kubwa ziliharibika. Sisi tulio karibu na ikweta tuna hatari ndogo zaidi kwa upande huo. Umeme ukikatika Kadutu kesho, msilisingizie Jua.

Sasa nifike Lwiro. Nani amepita Lwiro? Wengi, naona. Mwaka 1947, mwaka uleule Appleton aliopewa Nobeli, ilianzishwa taasisi ya utafiti iliyojenga makao yake makuu pale, kwenye mashamba ya chini ya Kahuzi. Ulipofika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 na 1958, dunia nzima ilikubaliana kupima Jua, sumaku na anga kwa pamoja, na Lwiro ilikuwa miongoni mwa waliopima. Kutoka pale walituma mawimbi juu na kuhesabu yalichukua muda gani kurudi. Babu zenu waliokuwa wafanyakazi pale walivisafisha vyombo vile na kuandika namba zile. Addis Ababa walifungua kituo chao cha sumaku miaka hiyohiyo, na bado kinaandika. Hermanus, Afrika Kusini, wanaandika tangu 1941, walipohama kutoka mjini kwa sababu treni za umeme zilikuwa zinazisumbua sindano zao.

Leo mkitaka kujua kama sumaku ya Dunia imechafuka, kuna kipimo kinachoitwa Kp, kuanzia 0 hadi 9, kinachotolewa kila baada ya saa tatu na taasisi ya Potsdam, Ujerumani, bila malipo. Kinatokana na vituo 13. Mnajua ni vingapi viko Afrika? Sifuri. Hakuna hata kimoja! Bara zima linasomewa joto lake kwenye paji la uso la mtu mwingine. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilipita dhoruba kubwa ambayo mfano wake haukuwa umeonekana kwa miaka 20. Matrekta ya Marekani yanayoongozwa na GPS yalisimama mashambani katikati ya majira ya kupanda, na jambo hilo likaandikwa. Ninyi mlikuwa wapi usiku ule? Ramani kwenye simu ziliwapeleka wapi? Nani alikuwa kwenye fonie? Nimeuliza watu arobaini. Wawili wanakumbuka kitu. Hakuna aliyeandika.

Kijana mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: mwalimu, simu yangu ina busola ndani, haitoshi? Mwanangu, sumaku ya Dunia hapa ina kama nanotesla 33,000. Dhoruba nzuri inaondoa 100, 200. Busola ya simu haioni tofauti ndogo hivyo, na funguo zilizo mfukoni zinaisumbua kuliko Jua. Lakini simu hiyohiyo inaweza kukuonyesha setilaiti za GPS moja moja na nguvu ya alama ya kila moja. Iweke juu ya meza uani saa mbili ya usiku, mwezi wa Oktoba, mahali pasipo na miti, na utazame zile nguzo za alama. Jioni moja zitatulia. Jioni nyingine moja itaanza kuporomoka na kupanda, kuporomoka na kupanda, huku jirani yake imetulia. Umeliona povu, mwanangu. Andika saa.

Andika saa, andika tarehe, andika setilaiti gani. Ninyi wa fonie, andikeni masafa, nani mlimwita, alisikika ngapi juu ya tano, na kama kulikuwa kimya, kimya kilianza saa ngapi na kikaisha saa ngapi. Msiandike "chombo kibovu" kabla hamjatazama Kp ya siku ile. Kama ningekuwa na daftari la namna hiyo mwaka 2003, mkubwa wangu asingekuwa na neno la kusema.

Nimechora madaftari kumi na mawili kwa mkono, mistari imeshapigwa. Moja nimelianza mwenyewe Jumapili iliyopita, ukurasa wa kwanza una jioni sita. Mengine kumi na moja yako juu ya meza ile karibu na mlango, na kalamu zimefungwa kwa uzi. Atakayechukua aandike jina la shule yake au kituo chake juu, na tukutane hapahapa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, tuyafungue yote kwa pamoja.